Waliolala Pembeni mwa Nabira

Siku walipokuja kumchukua Nabira walinikuta nimeikalia meza yake ya jiwe, chungu cha uji kiko mapajani. Nilikuwa nimeshaapa kwamba anayetaka kuliinua lile jiwe ataliinua pamoja na mimi.

Nabira ni mfiadini wetu sisi watu wa Thabbura. Bibi yangu mzaa mama alimjua kwa macho. Walifanya kazi pamoja kwenye kinu cha mafuta ya zeituni, Nabira akisukuma jiwe, bibi akipanga vikapu vya kukamulia, na bibi alikuwa akitusimulia kwamba Nabira alikuwa na kicheko cha kusikika ng'ambo ya pili ya mji, na kwamba alinukia mafuta hata Jumapili. Ukaja ule wakati mfalme wa Roma alipotaka kila mtu aifukizie miungu yake ubani. Watu wakapangwa uwanjani. Chembe ndogo tu ya ubani, kama unavyotia chumvi kwenye mboga, unaitupa juu ya makaa, unarudi zako nyumbani ukapike. Wengi walitupa. Nabira alipofika mbele alimwambia mkuu wa mji, "Mikono yangu imejaa mafuta, bwana. Nitashika moto." Watu wakacheka. Akaulizwa tena, akasema hataki. Hapo hakuna aliyecheka. Walimkata shingo kando ya njia iendayo mashambani, na akina bibi wakamzika pale pale alipoangukia, maana hawakuwa na nguvu ya kumbeba kwenda mbali.

Tangu hapo hatujamwacha na njaa. Juu ya kaburi lake kuna meza ya jiwe iliyochongwa vibonde kama sahani, na katikati kuna tundu lenye upana wa shingo ya mtungi. Siku yake ikifika tunapika uji mzito wa ngano, tunautia asali na lozi za kutwanga. Tunabeba mkate wa mviringo, jibini, tini, na divai tuliyoipunguza makali kwa maji ya moto. Tunakula pale pamoja naye, na kila mmoja anamimina kidogo katika lile tundu. Najua wafu hawanywi. Nimezeeka, sijarukwa na akili. Lakini ukimtembelea ndugu utakaa unakula peke yako naye anakutazama?

Binti yangu Siddina amelala ubavuni mwa Nabira. Alikufa akijifungua, na mtoto akamfuata kabla ya jua kuzama, tukamlaza kifuani pake. Siddina tangu mdogo hakuweza kupata usingizi bila kumgusa mtu. Alikuwa anashika sikio langu, hivi, kwa vidole viwili, analisugua taratibu mpaka anapitiwa. Alipoolewa, mumewe alikuja kunilalamikia: "Mama mkwe, huyu mtoto wako atanimaliza sikio!" Tulicheka mpaka machozi. Siku ile anakata roho alilitafuta tena sikio langu, akaniambia, "Mama, usinilaze peke yangu." Nikamwahidi. Nilimfuata mzee Barik, mchimba makaburi, nikamsihi, akatupatia nafasi ubavuni mwa Nabira kabisa. Siku ya ufufuo Nabira ndiye atakayesimama wa kwanza katika makaburi yale, kila mtu anajua hivyo, na akisimama ataangalia chini, atamwona jirani yake, atampa mkono. Siddina hataamka gizani akipapasa.

Sasa mkilijua hilo mtaelewa kwa nini nilitaka kumrushia mwanangu mwiko wa moto.

Mwanangu ni Kreskoni, shemasi wa askofu wetu Sperantio. Alikuja nyumbani akiwa na kanzu yake nyeupe, akakaa pale mlangoni kama mgeni, akakataa hata kunywa maji. Nikajua kuna jambo.

"Mama, lile kanisa jipya limekwisha."

"Nimeliona. Linang'aa kama upara wa mtu tajiri."

"Baba askofu amepanga kulibariki siku ya Nabira. Maaskofu wa miji ya jirani wameshaalikwa." Akajikuna shingo. "Nabira atahamishiwa chini ya altare. Ndivyo wanavyofanya sasa kila mahali, mama, Milano, Karthago, kila mahali. Mfiadini anakaa ndani ya nyumba ya Mungu, si nje na mbwa."

"Mbwa gani? Mbwa wako wapi pale? Tunaokaa pale ni sisi."

"Na ile habari ya kula na kunywa makaburini inakwisha. Watu wanalewa, mama. Mume wa Urbika aliwahi kubebwa."

"Mume wa Urbika ameshakufa, na siku ile alibebwa kwa sababu ya mguu wake mbovu. Usimsingizie marehemu."

"Mama…"

"Kanisa lenyewe kajenga nani?"

Alijua kwamba najua. Mji mzima unajua. Kanisa limejengwa na Bibi Selsina, mwenye mashamba yote ya zeituni toka mtoni mpaka mlimani. Na yule mkuu wa mji aliyekaa kitini uwanjani akiwa na sanduku la ubani mbele yake, yule aliyemuuliza Nabira mara mbili, alikuwa babu yake Selsina. Babu yake hasa, baba wa baba yake. Sasa mjukuu anataka mifupa ya yule msichana wa kinu iwekwe ndani ya marumaru yake, na jina lake Selsina lichongwe ukutani kwa herufi za dhahabu.

"Babu alimuua, mjukuu anamchukua," nikasema. "Familia hiyo haitosheki?"

"Mtu hahukumiwi kwa dhambi ya babu yake."

"Simhukumu. Namwambia atafute mfiadini wa kwao."

Ndipo nikauliza lile nililotaka kuuliza tangu alipofungua mdomo.

"Na dada yako?"

"Dada atabaki, mama. Yeye si mfiadini."

"Alikufa akizaa."

"Najua."

"Atabaki na nani?"

Alitazama mikono yake. Nikamwambia, "Uliza tena huko ulikotumwa. Uliza, Siddina atabaki na nani? Ukipata jibu njoo uniletee. Usipolipata usije." Akatoka. Kizingitini alijikwaa, maana kanzu ile ilikuwa ndefu mno, aliyeishona hakumpima. Siku nyingine ningeichukua nikaipunguza. Siku hiyo niliacha ajikwae.

Habari ilinitangulia kwenye tanuri la mkate, ambako wanawake wa mtaa wetu tunaoka kwa zamu. Urbika, yule mjane, alikuwa amekandamiza donge lake la unga kana kwamba ndilo askofu.

"Mama Siddina, umesikia? Wanatuchukulia dada yetu."

"Nimesikia kutoka kwa niliyemzaa mwenyewe."

"Ati atalala chini ya marumaru," akasema mwingine. "Nabira! Mtu wa mafuta na makapi! Ataamka aulize, jamani, nani kanifungia kwenye bafu la tajiri?"

"Na sisi tukitaka kumsalimia?"

"Kutawekwa uzio wa mawe. Wanaume wenye kanzu ndani, sisi nje tunachungulia kama mbuzi."

"Selsina atakuwa mbele kabisa, na mto wa kupigia magoti."

"Magoti yenyewe hayajui sakafu."

Walicheka, lakini kicheko kile kilikuwa kikavu. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake pale. Urbika alikuwa na mumewe. Mwingine mama yake, mwingine mapacha. Wote tulikuwa tumewaweka karibu na Nabira kadiri mzee Barik alivyotukubalia, na hakuna aliyekuwa tayari kuwaacha kama watu walioachwa njiani na msafara. Hapo hapo tukakubaliana. Siku wanakuja kuchimba, tutakuwa tumeshakaa mezani.

Ndivyo walivyotukuta. Walikuja kwa maandamano, wanaimba zaburi, mishumaa inawaka mchana kweupe. Mbele askofu Sperantio, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Kando yake Bibi Selsina katika hariri ya rangi ya komamanga, mtumishi akimshikia mwavuli. Nyuma Kreskoni, amebeba sanduku la mti wa mwerezi na shuka jeupe. Nyuma kabisa mzee Barik na mtaimbo wake, anatembea kama anayepelekwa kuuawa. Watu wote walikuwa wamesimama langoni mwa mji kungojea, mishumaa mkononi.

"Akina mama," akasema askofu, "amani iwe nanyi. Tupisheni."

"Karibu uji, baba askofu," akasema Urbika.

"Mmefanya kaburi la mtakatifu kuwa kilabu."

"Kuna pombe gani hapa? Onja. Hiyo ni asali."

Bibi Selsina akasogea, akaniinamia. Nitasema ukweli wake, alisema kwa upole. "Mama, mimi nampenda Nabira kama wewe. Nataka apate heshima. Si vizuri mvua imnyeshee."

"Mvua imemnyeshea tangu babu yako alipomweka hapa," nikamjibu. "Ameizoea."

Uso ulimshuka. Askofu akageuka. "Shemasi Kreskoni. Huyu ni mama yako?"

"Ndiye, baba."

"Mwondoe."

Mwanangu aliweka sanduku chini. Akaja mbele yangu, akachukua chungu kutoka mapajani, akakiweka kando kwa uangalifu kisimwagike. Akasema chinichini, "Mama, simama. Nakuomba." Nikamwambia sisimami. Akapitisha mikono yake kwapani mwangu, akaninyanyua kama gunia la ngano, akanikalisha kwenye nyasi mbele ya watu wote. Mimi niliyemfundisha kutembea. Nilimpiga kofi. Lilisikika. Akalipokea, akarudi kwenye kaburi, sikio lote jekundu.

Barik akatia mtaimbo. Jiwe likalia, likapanda, wanaume wakalisukuma kando. Tukasogea wote, hata waliokuwa wakiimba wakaacha kuimba.

Chini palitakiwa kuwa na mtu mmoja, ndani ya vigae vyake vilivyosimamishwa kama kuta, na kila jirani ndani ya vyake. Ndivyo kaburi linavyojengwa. Lakini mle shimoni kigae kilichosimama hakikuwapo hata kimoja. Kulikuwa na mifupa juu ya mifupa, mikubwa na midogo, mirefu imelala juu ya mifupi, imevutwa kutoka pande zote kama watu wanaoota moto. Fuvu hili limeegemea lile. Mguu umepita juu ya mbavu za mwingine.

"Nini hiki?" askofu akauliza.

Akamgeukia Barik. "Mzee, nakuuliza wewe. Nini hiki?"

Barik alikuwa ameshika mtaimbo kwa mikono miwili kama fimbo ya kutembelea. "Walikuwa wananiomba, baba. Kila anayezika anakuja ananiambia, mzee Barik, msogeze wangu kidogo tu. Kidogo tu. Mimi nami nina moyo. Basi natoa kigae kimoja, namsogeza kidogo. Baadaye anakuja mwingine."

"Wangapi waliokuomba?"

"Wote, baba."

Tukatazamana. Mimi nilidhani ni mimi peke yangu niliyeomba kigae kitolewe! Maana nami nilimwambia Barik vile vile, kwa maneno yale yale, asiache ukuta kati ya Siddina na Nabira, amgusishe. Kumbe Urbika naye. Kumbe yule wa mapacha naye. Kila mmoja alikuwa amekuja kwa siri yake na machozi yake, na Barik kamkubalia, na huko chini walikuwa wamemzunguka yule msichana wa kinu mpaka wamemlalia.

"Huo mguu uliopinda ni wa mume wangu," Urbika akasema, akinyoosha kidole. "Huyo hapo, baba askofu. Hata leo hajalewa."

Mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Askofu akawa mweusi kwa hasira. "Mmemfanya mtakatifu wa Mungu kuwa kitanda cha nyumba ya wageni!"

"Hakulalamika," nikasema.

"Nyamaza wewe!"

"Hakulalamika miaka yote hii! Ninyi ndio mnaolalamika. Aliyekuwa peke yake siku ile uwanjani ni yeye, mji mzima umemwacha. Sasa mkimkuta ana wenzake mnakasirika?"

Selsina aliweka leso puani, ingawa hapakuwa na harufu yoyote isipokuwa ya udongo. "Baba askofu, si tuchague tu? Mtakatifu lazima mifupa yake itakuwa myeupe zaidi. Shemasi atazame iliyo safi."

Hapo nilisimama mwenyewe bila kunyanyuliwa. "Iliyo safi! Msichana alikuwa anasukuma jiwe la kinu tangu jua kutoka, wewe unamtafutia mfupa uliokaa kivulini! Kama unataka mifupa laini kachimbe ya babu yako!"

Mtu akanishika, nadhani alikuwa Urbika. Askofu akainua mkono watu wanyamaze. Kule langoni wimbo ulikuwa umeanza tena, watu wamechoka kungoja, na kwenye kanisa jipya maaskofu wageni walikuwa wameshakaa vitini. Angewaambia nini? Angerudi na sanduku tupu?

"Kreskoni, ingia. Mtafute Nabira. Wengine waache."

Mwanangu akavua kanzu, akabaki na nguo ya ndani, akashuka shimoni. Akapiga magoti. Kwa muda mrefu hakugusa kitu. Kisha mkono wake ukaenda mahali pamoja, ukasimama.

Nami niliona alichokiona. Mfupa wa mkono wa kushoto, una nundu katikati, umeungana upande. Siddina alivunjika mkono ule utotoni. Walikuwa wanapanda mtini nyuma ya nyumba, yeye na kaka yake, na kaka mtu akamwambia ruka, nitakudaka, asimdake. Nilimfunga mwenyewe kwa vijiti na kitambaa, na sikumfunga vizuri, ukaungana hivyo. Kando ya mkono ule kulikuwa na vifupa vyembamba, vyepesi kama vya ndege. Na vidole vya Siddina, Mungu anisamehe nikisema uongo, vilikuwa vimelala juu ya bega la mtu mwingine.

Kreskoni aliinua macho, akanitazama. Machozi yalikuwa hayajashuka, yalikuwa yanamlengalenga tu. Angeweza kumtenga. Alimjua. Neno moja lingetosha, huyu ni dada yangu, mwekeni pembeni, na katika waliobaki angetafuta kwa kukisia. Nilimkodolea macho. Sikumsaidia. Nilitaka achague mwenyewe.

"Vipi?" askofu akauliza kutoka juu.

"Haitengeki, baba."

"Una hakika?"

"Hakuna mtu anayeweza kuitenga. Yeyote atakayesema anaweza, anakudanganya. Tuwachukue wote, au tuwaache wote."

Askofu alisikiliza wimbo wa langoni. Akafumba macho. Akasema, "Wote."

Mwanangu akatandika lile shuka jeupe, na cha kwanza alichoweka juu yake kilikuwa ule mkono wenye nundu. Aliuweka kwa mikono miwili. Kisha vile vifupa vyembamba. Kisha wengine, mmoja mmoja. Sanduku halikutosha. Ilibidi Bibi Selsina atoe joho lake la hariri kufungia waliobaki, na mume wa Urbika akaenda mjini ndani ya rangi ya komamanga, watu wanamwangukia kifudifudi njia nzima, akina mama wanamgusisha watoto wagonjwa. Urbika alitembea nyuma yake akilia na kucheka. "Katika maisha yake yote," akaniambia, "hakuna aliyewahi hata kumpisha njiani."

Mtasema basi nilishinda, nitulie. Sikutulia. Siku ile ile, siku ya Nabira, niliwafuata mpaka kwenye lile kanisa, na bawabu akanizuia mlangoni. Chakula hakiingii. Nikakiacha chungu kwa muuza mboga, nikaingia mikono mitupu kama mtu anayekwenda msibani kwa adui. Uzio wa marumaru ulikuwa pale, mbele yake Selsina na mto wake. Msomaji akapanda juu, akasoma habari za Nabira: kwamba alikuwa binti wa ukoo bora wa mji huu, mwenye mikono laini, aliyelelewa katika hariri. Watu wakaitikia amina. Hata wale waliokulia kwenye kinu wakaitikia amina! Nilitazama huku na huku. Hakuna aliyenitazama.

Baada ya misa nilimngoja Kreskoni kwenye ngazi. Alikuja na ile kanzu ndefu, ameishika pindo asijikwae.

"Mama, umefurahi sasa? Wako pamoja."

"Wako pamoja. Na mimi?"

"Na wewe nini?"

"Nikifa. Nilikuwa na nafasi yangu pale ubavuni mwa Siddina, upande wa pili. Barik alishaniahidi. Sasa pale ni shimo. Utanilaza wapi?"

"Tutapata mahali pazuri, mama. Uwanja wa makaburi bado upo."

"Sitaki uwanja. Niweke chini ya altare."

Alitabasamu, akidhani natania. Alipoona sitanii akaangalia nyuma kama kuna mtu. "Haiwezekani. Chini ya altare ni wafiadini tu. Ni sheria."

"Wafiadini tu?"

"Ndiyo."

"Wangapi wako kule, Kreskoni?"

Aliachia pindo la kanzu.

"Wewe ndiye uliyewapanga. Nakuuliza, wangapi? Mtaje mmoja mmoja. Anza na yule mwenye mguu."

Watu walikuwa wanatoka. Maaskofu wageni walikuwa wanashuka ngazi wakipeana mikono, na Bibi Selsina katikati yao, uso wote unang'aa. Mwanangu akanishika mkono, akaniambia mama tafadhali, punguza sauti, wanasikia.

Nikaipandisha.